Mashuka ya Mama Mshumaa

Mlango wa jikoni kwangu haukai. Ukiuacha, upepo unaubamiza mpaka vifuniko vya sufuria vinaruka. Kwa hiyo nimeuwekea pasi. Si ya umeme, ni ile ya mkaa, nzito kama jiwe la kusagia, yenye mfuniko na kijogoo cha chuma mbele cha kuufungia. Ncha yake imemeguka upande wa kushoto, kwa sababu iliniponyoka nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Kila mgeni anayeingia huikwaa kwa kidole gumba, huisema maneno mabaya, kisha huketi akanywa chai. Hakuna aliyewahi kuniuliza pasi hiyo ilifanya nini hapa duniani, na mimi kwa miaka thelathini na moja sikuwa na haraka ya kueleza.

Nilikuwa dobi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yangu: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, tofali la kuwekea pasi, bakuli la maji ya kunyunyizia, na dirisha linalotazama barabarani. Mashati ya karani wa posta nilikuwa nikiyatia wanga mpaka yanasimama yenyewe. Sijisifu, nasema kilichokuwepo.

Sasa nina wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke mnene wa sauti nzuri, anayeimba safu ya pili kwaya ya kanisa letu. Watu wote wanamwita Mama Mshumaa, hata watoto waliozaliwa juzi. Jina hilo nilimpa mimi, ingawa sikulitamka hata mara moja. Ilikuwa hivi.

Wifi alipokuwa anaolewa hakuwa na gauni. Mama Mchungaji wa wakati huo, Mungu amrehemu, alikuwa na gauni lake la harusi la hariri, akiwaazima mabibi arusi wa kanisani wasiokuwa na lao. Likaletwa kwangu lipigwe pasi. Hariri haipigwi hivi hivi. Unaitandikia kitambaa cheupe chenye unyevu, halafu unapitisha pasi juu yake polepole, kama unayempangusa mtoto jasho. Nilikuwa nimefika nyuma ya gauni, chini kidogo ya kiuno, nilipoinua macho dirishani.

Kushoto, Mama Mchungaji mwenyewe anakuja na mkoba wake. Kulia, jirani yangu amesimama kupumzika, ndoo ya maji iko chini, mtoto mgongoni. Mimi nikaona nafasi. Kama kumsaidia jirani kunahitajika, basi wakati wake ni huu, Mama Mchungaji akiwa hatua kumi tu! Nikatoka mbio. Nikamtwika jirani ndoo. Nikamfunga vizuri mtoto mgongoni, na hakuwa amefunguka. Mama Mchungaji akasimama akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mwanangu," akasema, "kanisa lingekuwa na kumi kama wewe!"

"Ah, Mama," nikasema, "mimi ni kawaida yangu."

Kawaida yangu ilikuwa inafuka moshi ndani. Pasi sikuiweka juu ya tofali. Niliiacha imelala juu ya kitambaa, na kitambaa juu ya hariri.

Nilipoiinua, alama ilikuwa kubwa kama kiganja, rangi ya chai ya rangi, mfano wa jani lililoumwa na mdudu upande mmoja. Nililia kimya kimya, kisha nikajikaza kisabuni. Nikachukua utepe mpana uliokuwa umefunga pazia langu, nikaufua, nikautia wanga, nikaukunja ua kubwa la kutisha, nikalishona juu ya alama. Wifi alipokuja kulichukua nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi. Alifurahi mno. Na kweli, kwa miaka miwili baada ya hapo, kila bibi arusi hapa mtaani alikwenda kanisani na ua kubwa kama kabichi makalioni.

Lakini jioni ya harusi umeme ulikatika ukumbini, mishumaa ikawashwa kila meza. Kesho yake Mama Mchungaji alikuja kwa wifi kuchukua gauni lake. Akaliinua ua kidogo, akaona alama ya kuungua kwa pembeni, akaliachia kama ameona nyoka.

"Binti yangu," akamwuliza wifi, "ulikaa karibu na mshumaa?"

Wifi, maskini, akafikiri. Mshumaa ulikuwepo. Karibu nao alikaa. Machozi yakamtoka. "Labda, Mama," akasema. "Labda ni mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sinia ya vikombe. Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kwenyewe kulitosha. Gauni likafungiwa kwenye sanduku la bati stoo ya kanisa, asiazimwe tena mtu. Wifi akaitwa Mama Mshumaa. Na kila mwaka kwenye ibada ya mishumaa, wanakwaya wote hupewa mshumaa, yeye hupewa tochi. Miaka thelathini na moja amesimama safu ya pili akimulika dari.

Jumamosi ya kwanza baada ya harusi nilikwenda kwake.

"Wifi, nipe mashuka yako nikufulie."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Undugu."

Tangu siku hiyo sikukosa Jumamosi. Kuloweka, kufikicha, kusuuza mara tatu, bluu kidogo ya kung'arisha kwenye maji ya mwisho, wanga, jua, pasi, kukunja pembe kwa pembe. Hata Jumamosi baada ya kumzika mume wangu nilimpelekea mashuka. Akanikumbatia akalia, "Wifi, wewe ni malaika." Kila akiniita malaika nilijisikia kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Nami dawa yangu ya mwiba ilikuwa moja: nikaongeza foronya.

Nikajiambia siku moja yatatosha. Shuka moja litakuwa la mwisho, doa litatoka, nami nitakuwa mtu wa haki mbele za Mungu bila kufungua mdomo. Nilikuwa nalisubiri shuka hilo.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi, akaja kwangu Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alikuwa mwalimu mkuu zamani, na mpaka leo akiingia nyumbani kwako unajikuta umekaa wima na umeficha mikono yenye masizi. Akaikwaa pasi, akaisema, akaketi.

"Jumapili ya akina mama," akasema, "tumekuchagua wewe."

"Kufanya nini?"

"Kuheshimiwa." Akatoa mkobani kitambaa cheupe cha mezani, akakikunjua nusu. Kilikuwa kimetariziwa kwa uzi wa buluu, herufi kubwa: MWENYE HAKI. "Na wifi yako atatoa ushuhuda wa mashuka. Ameanza kuuandika. Kurasa nne."

"Mwenyekiti, mpeni mwingine. Mimi sistahili."

"Unaona?" akasema huku akikikunja. "Unyenyekevu kama huu ndio uliotufanya tukuchague."

"Nakwambia kweli, mimi ni mtu mbaya."

"Safi sana. Useme hivyo hivyo mbele ya watu."

Nikaona kila ninavyokataa ndivyo ninavyozidi kutakata. Nikammiminia chai.

Na kama hiyo haitoshi, siku mbili baadaye akaja mjukuu wangu muuguzi, bado na sare yake, anacheka. Ataolewa mwisho wa mwezi na amesikia kuna gauni la zamani stoo ya kanisa.

"Vitu vya zamani vimerudi, Bibi! Wazee wa kanisa wamekubali. Bibi Mshumaa atalileta hapa Alhamisi. Wewe utalifua, yeye atalitengeneza pale alipoliunguza."

"Atalitengeneza?"

"Amesema ameomba nafasi hiyo miaka yote. Hujui kwamba anafagia kanisa kila Ijumaa kwa sababu ya gauni hilo? Anasema anamwomba Mungu amsamehe uzembe wake."

Nilikuwa najua wifi anafagia. Sikuwa najua kwa nini. Niliketi juu ya kapu la nguo, likabonyea. Hebu fikiria: mimi nafua kwa ajili ya kosa langu, yeye anafagia kwa ajili ya kosa langu. Dhambi moja, vibarua wawili, tena mmoja wao hakuwepo ilipotendeka, na wala haijapungua hata kidogo.

Jumatano nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji wetu wa sasa ni kijana, hajaoa, anaweza kuwa mjukuu wangu. Nilimkuta ofisini nyuma ya kanisa anapiga pasi shati juu ya meza ya vitabu, na alivyokuwa akilipiga, afadhali angelikalia tu. Alikuwa anaanza na mwili wa shati kabla ya kola!

"Lete hapa," nikasema, nikamnyang'anya pasi.

"Bibi, hukuja kufanya kazi."

"Nazungumza vizuri nikiwa na pasi. Mchungaji, kuna mwanamke mmoja ninayemfahamu."

"Ndiyo."

"Alifanya kosa zamani, akasingiziwa mwingine. Yeye hakusingizia, alinyamaza tu. Sasa huyo mwanamke ametenda wema mwingi sana tangu hapo. Mwingi! Nauliza kwa niaba yake, bado kiasi gani?"

"Huyo mwanamke anakaa wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali kidogo." Nikanyoosha kola. "Nipe shati jingine."

Akanipa. Akaketi juu ya ukingo wa dirisha, akanitazama kwa upole ulionitia wasiwasi. "Bibi, umefua nguo miaka mingapi?"

"Tangu sijafika umri wako."

"Umewahi kuona shuka lililojifua lenyewe?"

"Likiwepo hilo mimi ningekufa njaa."

"Basi huyo mwanamke wa mbali kidogo ni shuka linalotaka kujifua. Linajiviringisha kwenye beseni miaka yote, limechoka, na maji yamekuwa meusi. Sisi tunahubiri kwamba yupo mmoja anayefua. Alikwishatoa damu yake, na hamtozi mtu."

Nikafikiri. Nikanyunyiza maji. "Lakini wema ni wema, Mchungaji. Kuna mwizi, na kuna mtu anayesaidia watu. Utaniambia wako sawa?"

"Mwizi unayemtaja amenipunguzia kazi. Yule mhalifu aliyesulubiwa ubavuni mwa Yesu, akaahidiwa kuwa peponi siku ile ile, alikuwa amefua mashuka mangapi?"

"Angefuaje na mikono imepigiliwa?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Nikageuza shati bila sababu. Jibu hilo lilinikera. Nikamwambia, "Basi tuache kutenda mema, tukae tu."

"Sijasema hivyo. Shuka likiisha kufuliwa linatandikwa, watu wanalilalia, linafanya kazi yake. Lakini hulitandiki chafu kitandani ukitumaini litatakata kwa kulaliwa." Akashuka dirishani. "Bibi, weka pasi chini."

"Nimebakiza mkono mmoja."

"Weka chini."

Niliiweka. Ndipo nikaona doa la wino mfukoni mwa shati lile. Nilikuwa nimelipitishia pasi ya moto mara tatu. Dobi yeyote atakwambia: doa ukilipiga pasi kabla ya kulifua, umelipika. Halitoki tena. Mimi, dobi mzima, nilikuwa nimelipika doa langu kila Jumamosi kwa miaka thelathini na moja, tena kwa wanga.

"Huyo mwanamke," nikasema, "haishi mbali sana."

"Nilihisi," akasema mchungaji. "Mwambie aongee na mwenzake kabla ya Jumapili."

Alhamisi saa tisa wakaja. Mjukuu amebeba sanduku la bati kichwani, wifi nyuma yake amebeba mwavuli, kopo la sindano na furushi la mashuka machafu ya wiki, maana Jumamosi ilikuwa karibu. Wifi akaikwaa pasi. "Hii takataka yako itaua mtu," akasema.

Tukafungua sanduku mezani. Harufu ya dawa ya nondo ikatukohoza wote watatu. Gauni lilikuwa limegeuka rangi ya maziwa, lakini zima. Na ua langu, utepe wangu wa pazia, bado limesimama na wanga wake kama nimelishona jana!

"Hili kabichi kwanza litoke," mjukuu akasema, akachukua mkasi.

"Liache!" nikasema. "Linapendeza."

"Bibi, nitaonekana kama nimefungwa zawadi."

"Zamani kila mtu..."

"Lazima litoke, wifi," Mama Mshumaa akasema, sauti imekuwa ndogo. "Chini yake ndipo nilipounguza. Mnisamehe, sijawahi kuliangalia vizuri. Niliona haya." Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kukata nyuzi moja moja. Mwanamke wa miaka sitini na moja, anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, mezani pangu, juu ya blanketi lile lile.

Niliutafuta ulimi wangu. Nikaona chupa ya chai. Nikasema, "Niwamiminie chai?" Nikasema, "Wifi, hayo mashuka nitayafua leo, nisingoje Jumamosi." Akasema, "Malaika wewe," bila kuinua macho, na hapo mwiba wa samaki ukapinduka.

"Siyo mshumaa," nikasema.

"Nini siyo mshumaa?"

"Hiyo. Siyo mshumaa. Ni mimi."

Ua likadondoka. Alama ikatazama juu, pana, imemeguka upande wa kushoto. Wifi akaitazama. Akanitazama. Akasimama, akaenda mlango wa jikoni, akarudi ameikumbatia pasi kama mtoto mchanga. Akaipindua, akaiweka polepole juu ya alama. Ilikaa kama kifuniko juu ya sufuria yake.

Mlango wa jikoni, uliokosa cha kuuzuia, ukajibamiza. Sote tuliruka.

Nikamweleza yote, ndoo, jirani, Mama Mchungaji, "kawaida yangu". Mjukuu alikuwa amejiziba mdomo. Sijui alikuwa analia au anacheka, mabega yalikuwa yanatikisika tu.

"Tochi," wifi akasema mwishowe. "Nimeshika tochi."

"Najua, wifi yangu."

"Wanafunzi wa sunday school wananiuliza, Bibi, betri zimeisha?"

"Najua."

"Na mashuka? Kila Jumamosi? Ulikuwa unafua mashuka yangu, au ulikuwa unajifua wewe?"

Akachukua furushi lake la mashuka machafu, akatoka kwa hasira. Akarudi kuchukua mwavuli. Akatoka tena kwa hasira.

Usiku huo nilifanya ninachokijua. Niliandaa kapu: sabuni tano za mche, kuku aliyechinjwa, blanketi jipya. Asubuhi ya Ijumaa nikamtuma mjukuu. Kapu lilirudi kabla chai haijapoa, na ujumbe: "Mwambie bibi yako sina beseni la kufulia kuku." Mchana nikapata wazo bora zaidi. Nitakwenda kufagia kanisa kwa niaba yake! Akija akute kunang'aa.

Nilimkuta yuko ndani. Ameketi benchi la mbele, ufagio ukiwa chini, hafagii. Nikauokota ufagio kimya kimya nikaanza pembeni.

"Hata ufagio wangu unautaka?" akasema bila kugeuka.

"Nakusaidia tu."

"Weka chini."

Mara ya pili wiki ile naambiwa hivyo hivyo. Niliuweka chini. Sasa mikono yangu ikakosa kazi, na mikono yangu isipokuwa na kazi sijui pa kuipeleka. Niliiweka kiunoni, nikaonekana mgomvi. Nikaiweka nyuma, nikaonekana askari. Mwisho nikaketi kando yake nikaiacha mapajani, mitupu, imekunjana kama matunda yaliyokauka.

"Nisamehe," nikasema.

Akangoja. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna nyongeza? Foronya?"

"Hakuna. Sina kitu, wifi. Nisamehe tu."

Panya wa dari wakasahau kwamba tupo, wakaanza kukimbizana. Angeweza kusema hapana. Haki hiyo alikuwa nayo, na hakukuwa na beseni duniani la kuibadilisha.

Kisha benchi likaanza kutikisika. Nikageuka nikidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Miaka yote," akasema, "kila Ijumaa, napiga magoti pale, Bwana nisamehe lile gauni. Fikiria Mungu anavyonisikiliza! 'Huyu mama tena na mshumaa wake.'"

"Wifi!"

"Anawauliza malaika, kuna mshumaa wowote mnaoujua nyie? Wanasema, hatujauona, Bwana." Akajipangusa kwa leso. "Na wewe upande mwingine unamsukumia mashuka. Sisi wawili tumemchosha. Yeye alitaka tuketi tu tumpe nafasi aseme."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Nilikusamehe tangu asubuhi nilipomwona yule kuku, ila nilitaka uumie kidogo."

Nililia kama mtoto. Alinipa leso yake, na hata katika kilio kile niliona imefuliwa vibaya. Nilinyamaza. Huo ndio unyamavu mzuri pekee niliowahi kuunyamaza.

"Kuna jambo moja," akasema tulipotulia. "Mashuka yangu hutafua tena. Kuanzia kesho nitafua mimi. Yangu na yako."

"Yangu?"

"Yako."

"Wifi, hujui kufua!"

"Sijui. Kuna mtu alininyima nafasi ya kujifunza."

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa na kuyasema yote, tangu ndoo hadi kuku. Halafu mzee mmoja wa nyuma, mwenye sikio zito, akamwuliza mkewe kwa sauti kubwa, "Aliunguza nini, makalio?" na kanisa zima likapasuka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha MWENYE HAKI, hajui akipeleke wapi.

"Nimekitarizi wiki sita," akaniambia kwa uchungu.

Mchungaji akakipokea, akakitazama, akaenda akakitandika juu ya Meza ya Bwana, chini ya mkate na kikombe. Watu wakaacha kucheka mmoja mmoja. Kilitosha kila upande, kana kwamba meza ilikuwa imepimwa.

Mwisho wa mwezi mjukuu wangu aliolewa na gauni lile. Alama tuliishonea kiraka cha hariri, mimi na wifi, kila mmoja kutoka upande wake, na mshono wake umepinda, anayetaka ataona. Wifi aliimba safu ya pili, na kwaya ilipogawiwa mishumaa naye kwa mara ya kwanza alipewa mshumaa, mkubwa kuliko wa wote. Aliuinua juu sana. Niliona mabenchi ya mbele yakisogea nyuma kidogo kidogo, lakini hakuna kilichoungua isipokuwa shada la maua, tena kwa pembeni tu. Mimi siku hizi mtaani naitwa Mama Pasi. Ninaitika.

Na Jumamosi wifi huja. Leo asubuhi ameniletea mashuka yangu. Hakuyasuuza vizuri; ukiyashika yananata sabuni. Bluu aliimwaga yote mahali pamoja, kwa hiyo shuka la juu lina ziwa katikati. Kukunja ndiyo usiseme, ni kama ameyafunga akikimbia moto.

"Yakoje?" akaniuliza, amesimama mlangoni, amejaa fahari, mguu juu ya pasi.

Mikono iliniwasha. Beseni lilikuwa pale pale, sabuni ile pale, jua lilikuwa kali. Robo saa tu ningeyarudisha yakang'aa.

Nikaikalia mikono yangu.

"Asante, wifi," nikasema.

Alipoondoka nikatandika kitanda, nikavua viatu, nikajilaza mchana kweupe katikati ya lile ziwa, nikijikuna.